Kikohozi cha Paka wa Mama

Mama alipokubali hatimaye kuhama Siakago na kuja kuishi nasi huku juu, karibu na Nkubu, alikuja na mikoba miwili, gunia la ndengu na paka. Ndugu yangu, ambaye anaishi Embu mjini na ndiye aliyemleta kwa gari lake, alikuwa ametumia miezi mingi kumshawishi kwamba mwanamke wa umri wake hawezi kuendelea kukaa peke yake katika nyumba iliyo mbali na majirani, na kifua chenyewe kinambana kila anapobeba mtungi wa maji. Mambo yote yalijadiliwa: chumba atakacholala, kanisa atakaloenda, nani atabaki akiangalia mbuzi wake. Kuhusu paka hakuulizwa mtu. Nilipofungua mlango wa gari nilimkuta ameketi mapajani pa mama, dume la rangi ya majivu lenye sikio moja lililochanika, akinikagua kama mkaguzi wa shule anavyomkagua mwalimu aliyechelewa.

Nilifurahi kumpokea mama kuliko nilivyoonyesha. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilala nikiwaza mlango wake wa mbao na simu yake isiyo na chaji. Sasa angekuwa chini ya paa langu, ningemsikia akigeuka kitandani. Hilo ndilo nililolitaka, na sikutaka lingine.

Tangu siku ya kwanza alikuwa akikohoa. Tulimpeleka kliniki, na baada ya vipimo tukaambiwa kwamba mapafu yake yamechoshwa na moshi wa kuni wa maisha yake yote. Akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akashauriwa ajiepushe na moshi, vumbi, baridi na wanyama wenye manyoya. Kati ya mambo hayo manne, ndugu yangu alisikia moja: la wanyama. Baridi hakuisikia kabisa, ingawa tulikuwa tunaelekea mwezi wa saba, wakati ambapo ukungu wa huku kwetu huingia sebuleni bila kubisha na kuondoka saa nne asubuhi. Mimi pia sikuisikia. Mtu husikia kile ambacho hakimgharimu.

Ndipo paka naye akaanza kukohoa.

Hakikuwa kikohozi cha kuficha. Alikuwa akichuchumaa katikati ya sakafu, akinyoosha shingo na kuinamisha kichwa mpaka kidevu kiguse zulia, kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, kisha anakohoa mara sita au saba kwa sauti kavu ya kukwaruza. Akimaliza humeza, hutazama huku na huku kuona nani ameshuhudia, halafu huenda zake. Mama alikuwa akikohoa upande huu wa meza, paka upande ule. Jioni moja ndugu yangu alisikia maongezi hayo kwenye simu.

"Mnaona sasa," akasema. "Wanaambukizana."

"Nani anamwambukiza nani?" nikamuuliza.

"Hilo utatuambia wewe, dada, uliyesomea sayansi. Mimi nakuja mwisho wa mwezi kumchukua huyo paka. Kuna rafiki yangu mwenye kinu cha kusaga unga, ana panya wa kumlisha mpaka azeeke."

Simu ilikuwa na sauti ya juu. Mama, aliyekuwa akichambua mbaazi kwenye ungo, hakuinua macho.

"Mwambie aje na gari lenye nafasi," akasema. "Paka akitoka hapa, nami nimetoka. Atatushusha Siakago, yeye aendelee na kinu chake."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mama hana mazoea ya kutisha watu. Akisema mvua ikinyesha nitapanda, hupanda. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa: paka yule akiendelea kukohoa, nitampoteza mama. Na si kwa ugonjwa. Kwa kiburi, ambacho katika ukoo wetu huua polepole zaidi lakini kwa uhakika uleule.

Nilimtia paka kwenye kikapu chenye mfuniko nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Ofisi ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye buti za mpira, na alikuwa na fomu ya kujaza. Aina ya mnyama: paka. Amezaa mara ngapi. Anatoa lita ngapi kwa siku. Aliinua kalamu akanitazama kwa huruma, kama kwamba ni mimi niliyekosa kumfikisha mnyama wangu katika uzalishaji.

"Mwalimu, nikuambie ukweli," akasema baada ya kumsikiliza paka kifuani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Hii kikohozi, kama ingekuwa ni ndama, ningesema bila kufikiria ni minyoo ya mapafu."

"Na kwa kuwa ni paka?"

"Kwa kuwa ni paka, hakuna mtu hunileteanga. Wanangoja apone ama apotee." Akafikiri kidogo. "Lakini paka pia wana yao. Wanaitoa kwa konokono. Si lazima paka akule konokono mwenyewe, hapana. Panya anakula konokono, ama ndege, ama mjusi, halafu paka anakula huyo. Hako kanyoo kanaingia, kanapanda mpaka kwa mapafu, kanataga huko. Vitoto vinakoholewa, vinamezwa, vinatoka na choo. Konokono anapita hapo, mambo inaanza tena."

Nimefundisha bayolojia katika shule ya upili kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mwaka nimechora ubaoni mzunguko wa kichocho, wenye mishale kutoka mtu hadi maji, maji hadi konokono, konokono hadi mtu, na kila mwaka nimewaambia wanafunzi kwamba mambo haya yako mlangoni petu, si kwenye kitabu. Nyuma ya nyumba yangu kuna bustani ninayojivunia: nduma kando ya kijito, kabichi, migomba, majani yaliyooza vizuri kwa ajili ya mbolea. Asubuhi konokono hutembea juu ya kabichi zangu kama waumini wanaotoka ibadani. Tangu mama aje sikuwa nimewawekea sumu, na sababu niliyowapa majirani ilikuwa kwamba naogopa itamdhuru paka wa mama.

"Na binadamu?" nikauliza. "Anaweza kuambukizwa na paka?"

"Hii ya paka ni ya paka. Mama yako awe na amani. Lakini hatujui bado kama ndiyo. Niletee choo cha huyu, freshi, siku tatu."

Alieleza kwamba kipimo chenyewe ni rahisi, ila faneli ya ofisi ilivunjika na mpya haijaletwa. Nikamwambia kwamba faneli ninazo kumi na mbili kwenye maabara ya shule, na hadubini pia. Akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kwenda kazini, nilimfuata paka bustanini nikiwa na kijiko cha plastiki na kopo la siagi. Paka ni mnyama mwenye haya. Akiona anafuatwa hughairi. Mama alitoka na shuka mabegani akasimama kwenye ngazi kunitazama.

"Mwalimu," akaniita. Huniita hivyo anapotaka kunikosoa. Siku nyingine ni mwanangu. "Niliuza mbuzi wawili uende chuo kikuu. Ningejua unaenda kusomea mavi ya paka, ningebaki na mmoja."

"Namtafutia ushahidi, mama."

"Ushahidi anao. Anaufukia pale chini ya nduma. Wewe ndiye unayesimama mahali si pake."

Alikuwa sahihi. Niliupata.

Maabarani nilifunga kinyesi ndani ya shashi, nikakining'iniza kwenye faneli yenye maji ya uvuguvugu, na chini yake nikaunga mpira mfupi uliobanwa kwa klipu. Wazo lake linapendeza kwa urahisi wake: vinyoo vichanga hutoka vyenyewe kwenye kinyesi kuingia majini, na kwa kuwa havijui kuogelea kwenda juu, huzama. Unaviacha mpaka kesho yake, unafungua klipu, na matone ya kwanza yana kila kitu. Nilitazama tone la kwanza kabla ya kengele ya asubuhi. Palikuwa na mmoja, kisha wanne, kisha nikaacha kuhesabu. Walijikunja na kujikunjua, kila mmoja na ncha ya mkia iliyopinda kama herufi S. Kwa miaka yote ya kufundisha sikuwahi kuona kitu kilichofanana hivi na mchoro wangu. Niliona fahari ambayo haikumfaa mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Daktari alifurahi pia. Kwa paka hakuwa na dawa maalumu, ila alikuwa na ya mbuzi na kondoo, ya maji, inayofaa kwa paka mradi ipimwe vizuri. "Kipimo kinafuata uzito," akasisitiza. "Na ni siku nyingi mfululizo. Hapa mizani yetu ya wanyama wadogo haina betri. Ng'ombe tunapima na kamba kifuani. Nikimpima paka na kamba nitakudanganya. Mtafutie mizani ya ukweli, unipigie simu."

Mizani ya ukweli. Nilianzia kwa muuza nyama wa Nkubu, ambaye tumefahamiana tangu nilipoolewa huku. Ni Mwislamu mcha Mungu mwenye paka wawili wanaolala chini ya kaunta, na nilidhani nimefika mahali salama.

"Mwalimu, paka mimi nawapenda, hawa wenyewe ni mashahidi," akaniambia kwa sauti ya chini, akizunguka kaunta ili awe kati ya kikapu changu na mlango. "Lakini mtu akipita hapo aone nimetoa paka kwenye hii mizani, kesho nitamuuzia nani nyama? Hata wewe hutarudi."

Nilichukua kikapu changu nikatoka. Huenda nisingerudi.

Ndipo nilipofikiria kituo cha majani chai. Tuna vishamba vya chai juu ya barabara, na mume wangu hupeleka majani siku ambazo mimi niko shuleni. Siku hiyo nilikwenda mwenyewe. Nilimtia paka kwenye mfuko mwepesi wa wavu, ule ambao hauzidi uzito wa leso, nikasimama kwenye foleni na wanawake wenye magunia. Mfuko ulikuwa ukisogea.

"Mwalimu," aliyekuwa nyuma yangu akasema, "hayo ni majani mawili na kichipukizi, ama umechuma mpaka mizizi?"

"Karani atayarudisha," mwingine akasema. "Yana manyoya."

"Yana kikohozi pia. Sikilizeni. Hiyo chai itanywewa hospitali."

Karani ni mtu makini. Akiwa amevaa koti lake la vumbi huwa haongei na wakulima kuhusu lolote lisilokuwa jani, kwa kuwa kila mazungumzo huishia kwenye kilo. Alitazama mfuko wangu, akanitazama mimi, na pengine kwa kuwa nimewafundisha watoto wake, hakuuliza. Aliutundika kwenye kulabu. Paka, ambaye hakuwahi kutundikwa, alitulia kwa mshangao. Karani alisoma namba upande wake wa mizani, midomo ikatikisika kidogo, akatamka kwa sauti yake ya kila siku:

"Mbili nukta sita. Mwingine."

Nilimpigia daktari nikamwambia mbili nukta sita. Akanipa kipimo, nikakiandika kwenye karatasi, nikakibandika jikoni.

Dawa ilikuwa nyeupe kama chokaa na ilinuka zizi. Mama alikabidhiwa kazi ya kumshika mgonjwa, mimi ya kummwagia dawa kooni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Siku ya kwanza tulimpata kwa kumshtukiza. Siku ya pili alitupata yeye, na alama bado ninazo mkononi. Kuanzia siku ya tatu mama alichanganya dawa na mchuzi wa omena, akakaa karibu na sahani mpaka ilambwe yote, akimsimulia kwa Kimbeere, lugha ya kwao, habari za nyumbani.

"Mbuzi hupewa mara moja tu, anaenda zake," akaniambia. "Huyu mmempa siku zote hizi kama mgonjwa wa kifua kikuu. Mumwandikie basi na kadi."

Kikohozi kilipungua. Ndugu yangu alipopiga simu nilimwomba asubiri mwezi mmoja zaidi, na nikamweleza kuhusu minyoo kwa lugha ambayo nadhani ilikuwa ya mshindi. Wiki mbili baadaye paka alichuchumaa tena katikati ya zulia, akanyoosha shingo. Nilirudi maabarani na kopo langu la siagi. Walikuwemo, wakicheza na mikia yao iliyopinda.

Sitasahau wiki hiyo. Mama alianza kukunja nguo zake vizuri kupita kiasi. Kila nilipopita chumbani mwake kabati lilikuwa na nafasi zaidi, na mikoba miwili ilikuwa imesogea kutoka chini ya kitanda hadi kando yake. Nilianza kurudi nyumbani mapema, nikijipa visingizio vya kukaa naye jikoni. Nilimuuliza maswali kuhusu utoto wangu ambayo majibu yake niliyajua.

Nilimpeleka paka tena kwa daktari. Betri zilikuwa zimeletwa. Mizani ndogo iliwaka taa ya kijani kwa fahari. Daktari alimweka paka juu yake, akasoma, akachukua faili.

"Tatu nukta sita," akasema. "Mwalimu, huyu mgonjwa ameongeza kilo nzima kwa mwezi mmoja na bado anakohoa. Mnampa nini?"

Nilitazama namba ile. Kilo moja kamili, bila kupungua wala kuzidi. Nilimwona karani, koti lake, midomo yake ikitikisika kidogo kabla ya kutamka. Gunia. Alikuwa ametoa kilo ya gunia.

Hakuna mkulima wa chai huku asiyeijua kilo ya gunia, ile inayokatwa kwenye kila mzigo kwa madai kwamba ni uzito wa gunia lenyewe. Tumeilalamikia kwenye mikutano, tumemwandikia mwenyekiti, mume wangu huizungumzia wakati wa chakula kama mtu anayemzungumzia shemeji mlevi. Karani wetu ameitoa kwa miaka mingi kiasi kwamba haitoi tena kwa kukusudia. Jicho lake husoma namba na mdomo husema nyingine. Ameitoa kwa magunia makubwa na madogo, makavu na mabichi. Akaitoa pia kwa wavu wa uzito wa leso uliokuwa na paka ndani. Na mimi, mke wa mtu aliyeilalamikia kilo hiyo tangu harusi yetu, nilisimama pale nikaipokea kama kipimo cha sayansi. Kwa siku zote zile tulikuwa tukitibu sehemu kubwa ya paka, na kuacha kilo moja yake kwa minyoo.

Daktari aliposikia alicheka mpaka akakaa. Kisha akaandika kipimo kipya.

Nilimpitia karani jioni hiyo nikamwambia, bila hasira. Alitafakari.

"Hiyo ni kanuni, mwalimu," akasema. "Kila mzigo una mfuko."

Mara hii dawa ilifanya kazi. Baada ya siku zote kuisha nilisubiri, kisha nikarudia kipimo mara mbili, asubuhi mbili tofauti, na maji chini ya faneli yalikuwa maji matupu. Paka aliacha kuchuchumaa zuliani. Alianza kupanda juu ya paa, na manyoya yake yakapata mng'ao kama kiatu kilichopigwa rangi. Mikoba ya mama ilirudi chini ya kitanda. Nilihakikisha kila jioni, kwa kisingizio cha kufagia.

Ndugu yangu alikuja Jumapili, tayari kumchukua paka. Nilikuwa nimejiandaa. Baada ya chakula nilichukua karatasi nikamchorea kila kitu: paka, kinyesi, konokono, panya, mapafu, mishale ikizunguka. Nilimwonyesha kwamba minyoo hiyo haimhusu binadamu, kwamba mama alianza kukohoa kabla ya paka, kwamba paka amepona na mama bado, na kwa hiyo paka hana hatia yoyote. Nilizungumza vizuri. Ndugu yangu, ambaye ni mtu wa haki hata anapoudhi, alikubali.

"Sawa, dada. Paka abaki. Nilimkosea."

Mama alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Aliivuta karatasi karibu, akaweka kidole juu ya mchoro wa konokono.

"Hawa ni wa wapi?"

"Wa hapa, mama. Wa bustanini."

"Siakago wapo?"

"Wachache sana. Kule ni kukavu, konokono anataka unyevu."

"Kwa hiyo paka alikuja hapa akiwa mzima."

"Ndiyo."

"Akaugua kwa sababu ya hapa. Unyevu, baridi, majani haya yaliyooza."

Ndugu yangu alinitazama, na nikaona kwamba ameona mshale unakokwenda kabla yangu.

"Mama, wewe si paka," nikasema.

"Mimi nilikuwa nakohoa kidogo nikiwa Siakago. Hapa nakohoa sana. Umesema mwenyewe tuangalie nani alianza wapi." Aliikunja karatasi yangu mara mbili, akaitia mfukoni mwa sweta. "Mwanangu, umenifundisha vizuri. Sasa huyu ameleta gari."

Nilijaribu hoja nyingine. Nikataja mtungi wa maji, mlango wa mbao, majirani walio mbali, na kwamba minyoo ya paka na moshi wa miaka sitini ni mambo mawili tofauti kabisa. Alinisikiliza kwa subira ya mtu ambaye tayari ana ushahidi. Nilikuwa nimemtetea paka kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hapakubaki mwingine wa kushtakiwa isipokuwa nyumba yangu.

Waliondoka saa tisa, ili wafike kabla ya giza. Ndugu yangu alikubaliana naye masharti mawili tu: binti wa jirani awe akimchotea maji, na simu iwe na chaji. Paka alikaa mapajani pake. Hakukohoa hata mara moja, wala hakunitazama.

Nampigia kila jioni. Ananiambia kwamba paka ni mzima, kwamba yeye mwenyewe joto la kule limemfungua kifua, kwamba hajakohoa tangu Jumapili ile. Huenda ni kweli. Daktari wa kliniki alisema baridi haimfai, na mimi ndiye niliyekataa kusikia. Lakini katikati ya sentensi, mara mbili au tatu kila jioni, simu hunyamaza ghafla, kimya kizito cha kitu kilichofunikwa na kiganja. Nangoja. Baada ya muda sauti yake hurudi, imetulia, na kuniuliza kama nimewawekea konokono sumu.

Namwambia bado.